Vigae vya Bahla

Jumapili, kabla ya kengele,
nilisimamisha gari kwa Hamdun mfinyanzi.
"Mitungi ninayo," akasema. Nikamwambia
nataka iliyovunjika.
Akanitazama kama mtu aliyeombwa kuuza moshi.

Shofik ndiye aliyeniokotea, nyuma ya tanuri,
kimoja kimoja, akifuta majivu kwa ncha ya shati.
Miaka kumi na tisa yuko Bahla.
Vidole vyake vinaujua udongo huu
kuliko mimi ninayebeba pasi yake.

Wasichana ishirini na saba.
Kitabu kina kurasa tatu za Wagiriki, na picha ya nguzo.
Acheni nguzo, nikasema.
Fikirini Nizwa, fikirini Izki, fikirini sisi:
kila mji na ngome yake, falaji yake, kiburi chake,
lugha moja, na bado kuozeshana ni kesi.
Ndivyo Korintho ilivyoitazama Athene.
Sparta haikuwa na ukuta; vijana wetu, walisema, ndio ukuta.
Asila akacheka: "Wetu alijenga mwanamke."
Ndivyo wasemavyo wazee. Sikumpinga.

Kisha nikagawa vigae, na misumari.
Kila mwaka Athene iliulizwa:
yupo mtu aliyekuwa mkubwa kuupita mji?
Wakisema yupo, walikwangua jina lake kigaeni,
vikahesabiwa, elfu sita na zaidi,
na mwenye vingi alipewa siku kumi
aage, afunge mlango, aondoke
miaka kumi.
Hakushtakiwa. Hakupigwa.
Shamba lilibaki lake, mizeituni ilibaki yake,
mafuta yakakamuliwa na thamani ikamfuata huko aliko.
Muda ukiisha alirudi, akaketi pale pale pake.

Hapo nilinyamaza.
Nilikuwa nimeanza kuhesabu kwa Kiswahili.

Mikarafuu mia tatu na kumi na miwili.
Babu aliihesabu kila usiku, Ruwi, ghorofa ya nne,
feni juu, macho yamefumba,
mstari kwa mstari, tangu kisimani
hadi mpaka wa jirani, Wete.
Waliomtoa hawakukwangua jina.
Hapakuwa na kigae, hapakuwa na hesabu,
wala aliyemwambia ni miaka mingapi.
Akifika mia mbili na tisini, usingizi humchukua.
Sijui kama usiku wa mwisho aliimaliza.

Wadha akainua mkono: "Na wanawake walikwangua?"
Hapana.
"Watumwa?"
Hapana.
"Wageni?"
Wageni walilipa kodi, walipiga makasia ya meli za vita,
na wengi wao, mtaa wa wafinyanzi,
ndio walioifinyanga hiyo mitungi.
Ukivunjika, jina lililoandikwa ni la mwingine,
na mkono ulioandika si wao.
Misumari ikanyamaza.
Wadha akatazama vidole vyake: majivu,
yale yale ya shati la Shofik.

Nilikusanya kwa ndoo.
Kumi na tisa walimfukuza mwalimu wa hisabati
(Ghaniya, hutayasikia kwangu).
Watatu walilifukuza joto.
Mmoja aliifukuza Sparta, sijui kwa kosa gani.
Mmoja kaka yake: jina limefutwa, likakwanguliwa tena.
Viwili vilikuwa na jina langu, tahajia mbovu.
Kimoja kitupu.

Hicho kitupu nilikichukua.
Jioni, zamu ya maji ya akina Asila ikipita,
nilikitumbukiza falajini, nikakishikilia chini.
Udongo wa Bahla una kiu; hutoa vipovu vidogo,
kama mtu anayesema jambo taratibu.
Msumari ulikuwa mfukoni. Sikuutoa.
Nilihesabu vipovu, na hesabu ikaja
na ngeli isiyo yao:
mmoja, miwili, mitatu, minne